Joho lina tarehe ya kurudi

*Kila mwaka vyuo vya Dodoma huwavika vijana majoho na kuwaagiza wakaitumikie jamii. Mwandishi wetu alikwenda kuitafuta jamii hiyo, kuanzia chini ya kilima cha Chimwaga.*

Mama amevua viatu na kukaa chini ya mti, kando ya barabara inayopanda Chimwaga. Pembeni yake kuna ndoo ndogo ya plastiki yenye kuku, imefungwa kwa khanga. Ametoka upande wa Kibakwe, Mpwapwa, ameamka usiku wa manane kuwahi basi. Sasa ameshika upindo wa joho la mwanawe, anausugua kwa vidole viwili kama anunuaye kitenge sokoni.

“Hili ni lako, mwanangu?”

“La kukodi, mama. Jumatatu narudisha.”

“Na usiporudisha?”

“Kuna faini.”

Mama akaliachia lile joho haraka. “Basi simama vizuri, usilichafue.”

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, daftari mkononi. Mhariri alinituma kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na swali moja tu: ile kauli inayosikika jukwaani kila Novemba na Desemba, kwamba wahitimu waende wakaitumikie jamii, ina uzito gani kwa jamii yenyewe? Nilidhani jibu ningelipata kwenye hotuba. Nikalianza kulipata chini ya mti.

Kilima cha siasa kilichogeuka chuo

Chimwaga ilijulikana kwa Watanzania kabla haijawa na mwanafunzi hata mmoja. Ukumbi wake ulikuwa wa mikutano ya CCM. Humo ndimo mwaka 2005 wajumbe walimpitisha Jakaya Kikwete kuwania urais. Miaka miwili baadaye, 2007, serikali yake ikaanzisha chuo kikuu palepale, kikipangwa kuja kubeba wanafunzi 40,000. Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa, aliyekishika cheo hicho mpaka alipofariki Julai 2020. Baadaye nafasi ikaenda kwa John Malecela, Waziri Mkuu wa zamani na Mgogo wa hapahapa.

Mwaka huohuo wa 2007, upande mwingine wa mji, Kanisa Anglikana likafungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika majengo yaliyokuwa ya Sekondari ya Mazengo, shule yenye jina la mtemi wa Mvumi. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ongeza Chuo cha Serikali za Mitaa cha Hombolo, Chuo cha Madini na tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, utaona kwa nini mwishoni mwa mwaka Dodoma nzima hunuka maua ya plastiki na karatasi za kung'aa.

Msimu huo una uchumi wake. Wapiga picha hufika kabla ya wazazi. Wauza mataji hupanga bidhaa zao kwenye miamvuli iliyopinduliwa. Bodaboda wa Ng'ong'ona, kata iliyopakana na chuo na yenye vyumba vingi vya kupanga wanachuo, hawana muda wa kusalimia mtu. Siku hizi wapo na wazazi wanaoshuka kutoka treni ya SGR, wametoka Dar es Salaam asubuhi na wanarudi jioni, suti bado ina mistari ya pasi. Yule mama wa Kibakwe, ambaye yuko mkoa uleule, alitumia muda mrefu zaidi barabarani kuliko wao.

Tunu, si mshahara

Kiswahili kina maneno yake kwa siku hii, na hayakuokotwa njiani. “Chuo” chenyewe, kabla ya kuwa majengo yenye maabara, kilikuwa kitabu, kisha madrasa ambapo mtoto wa pwani alisoma Kurani. Akiimaliza, amehitimu. Siku hiyo alivishwa vizuri, akatembezwa mitaani kwa kaswida, ikapikwa karamu, na mwalimu akapewa haki yake. Hata joho lilikuwapo: vazi la heshima, zito, lenye tarizi, ambalo bwana harusi wa Zanzibar au Lamu hulivaa mpaka leo juu ya kanzu.

Kwa hiyo vazi jeusi lililotoka kwenye vyuo vya kanisa vya Ulaya, ambako mapadri walikuwa wakijikinga na baridi ya kuta za mawe, lilipofika kwetu lilikuta jina linalingoja. Baridi tu ndiyo haikuja nalo. Novemba ya Dodoma, wiki chache kabla ya mvua, ni jua na vumbi. Vijana wanasimama kwenye mistari wakitiririka jasho ndani ya kitambaa cha poliesta, kofia za pembe nne zikiwa ndicho kivuli pekee walichonacho.

Neno linalonishika zaidi ni “kutunukiwa”. Mkuu wa Chuo hamlipi mhitimu shahada, wala hamkabidhi tu. Anamtunuku. Tunu ni kitu cha thamani unachopewa kwa hisani, na anayepewa tunu hujua kuna mkono uliotoa. Wazazi wanaijua lugha hiyo kuliko watu wa jukwaani. Tazama wanavyomtunza mhitimu: noti ya elfu mbili inabandikwa kwenye paji la uso, vigelegele, wanawake wa Kigogo wanaweka ngoma za muheme katikati ya mapaja na kuzipiga kama wafanyavyo kwenye shughuli nyingine yoyote ya kumtoa mtoto hatua moja na kumwingiza nyingine. Wagogo, ambao kijana wao akitoka jandoni hupokewa kwa nyimbo na mavazi mapya, hawakuhitaji kufundishwa mahafali ni nini.

> Mkuu wa Chuo hamlipi mhitimu shahada. Anamtunuku. Anayepewa tunu hujua kuna mkono uliotoa.

Majoho yaliyoandamana hadi Ikulu

Nani hasa aliyetoa? Swali hili liliwahi kuitikisa nchi.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha wakati huo jijini Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, iliyowataka wasomi watumikie miaka miwili, sehemu kubwa yake kwa asilimia 40 ya mshahara. Wa Chuo Kikuu walivaa majoho yao. Walikuwa na bango lililodai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa na nafuu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, akakasirika, akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mamia ya wanafunzi wakarudishwa makwao, wengi wakapelekwa vijijini walikotoka.

Nimewahi kusikia wazee wawili wakibishana kisa hiki kana kwamba kilitokea juzi. Mmoja alishikilia kuwa vijana walionewa: walidai haki ya kujadiliana, wakajibiwa kwa adhabu. Mwingine hakutaka kusikia habari ya haki. Kwake kosa lilikuwa vazi. Huwezi kwenda kulalamikia jembe ukiwa umevaa joho.

Mwalimu alikuwa na mfano alioupenda. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila asirudi, ni msaliti. Mfano huo ukiusema Dar es Salaam ni fasihi. Ukiusema Ugogo ni habari ya ukoo wa mtu. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalipita hapa yakichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, mvua ikakata, na ile njaa iliyofuata, kati ya 1918 na 1920, Wagogo wakaiita Mtunya. Kwenye nyanda hizi kavu za kati, kumpa mtu mmoja chakula cha wote kwa matumaini kwamba atarudi ni jambo ambalo watu wanaweza kulipiga hesabu kwa debe.

Azimio la Musoma la 1974 lilijaribu kuligeuza deni hilo kuwa utaratibu: mtu afanye kazi kwanza, ndipo aingie chuo kikuu. Halikudumu. JKT kwa mujibu wa sheria ilisimama mwaka 1994, ikarudi 2013, safari hii kwa wanaomaliza kidato cha sita, yaani kabla ya joho. Baada ya joho hakuna anayekufuata.

“Deni? Mbona ninalo tayari”

Ukimwambia mhitimu wa leo kwamba ana deni kwa jamii, atakukumbusha kwamba analo lingine lenye namba. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ndiyo iliyomlipia ada na lile bumu la chakula na malazi. Akipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi hadi mkopo uishe. Nilizungumza na vijana kadhaa wakipanga foleni ya picha, na jibu lao, kila mmoja kwa namna yake, lilikuwa lilelile: kutumikia jamii kunahitaji mahali pa kutumikia. Ajira za ualimu zinatangazwa chache, waombaji ni wengi. Kijana aliyesoma miaka mitatu kisha akarudi nyumbani kukaa ana aibu ya kutosha, usimwongezee hotuba.

Wana haki. Na wako wanaosema sherehe yenyewe ndiyo inayolitia chumvi deni: gauni jipya, ukumbi wa jioni, keki, mchango wa WhatsApp, mtu wa video, ng'ombe mmoja zizini ameuzwa. Hoja hii hupendwa sana na watu ambao mahafali yao yalishapita. Mimi siikubali yote. Familia ya Chemba au Bahi iliyouza mbuzi kwa miaka kadhaa ina haki ya siku moja ya kupiga kelele. Kama kuna ubadhirifu, haupo kwenye ndoo ya kuku wa mama wa Kibakwe.

Wala si kweli kwamba chuo hakijateremka kilimani. Anayesema hivyo apite Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015 jirani kabisa na UDOM. Mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo. Mgonjwa wa Singida au Kondoa ambaye zamani angeambiwa habari ya Muhimbili, au India, sasa anaambiwa apande basi. Serikali ilipoamua 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, wizara kadhaa zilijibanza kwenye majengo ya chuo zikisubiri Mji wa Serikali wa Mtumba ujengwe. Huo nao ni utumishi, ingawa sidhani kama kuna aliyeuwekea taji la maua.

Swali la ng'ombe

Lakini utumishi ambao kila mwanachuo anaupitia ni mwingine, nao hauna matarumbeta. Ni fildi, mafunzo kwa vitendo. Na kaka yake fildi, utafiti wa mwaka wa mwisho.

Inaanzia kwenye barua. Chuo kinaandika kwa mkoa, mkoa kwa wilaya, wilaya kwa halmashauri, halmashauri kwa mtendaji wa kata, wa kata kwa wa kijiji, na wa kijiji anampigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Karatasi ikifika mwisho imejaa mihuri kama hati ya kusafiria. Kisha kijana anakaa kwenye kigoda mbele ya mzee, dodoso juu ya goti.

“Mbukwenyi.” Salamu anaijua, amefundishwa njiani na dereva wa bodaboda. Umri? Watoto? Ekari ngapi za uwele, ngapi za mtama? Mzee anajibu. Halafu linakuja lile swali: una ng'ombe wangapi?

Mzee anatazama juu, kama vile ng'ombe wapo mawinguni. “Wachache tu.”

Anaandikiwa watano. Nyuma ya boma kengele zinalia za ishirini na kitu.

Kijana akirudi chuoni ataandika kwamba takwimu zina upungufu. Hajaambiwa kwa nini. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, kukabili makorongo yaliyokuwa yanakula milima ya Kondoa. Mwaka 1979 ulifanywa uamuzi mzito: mifugo takriban 90,000 ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Miti ikarudi, wataalamu wakaja kutoka kila pembe kuandika. Profesa Idris Kikula, aliyekuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza wa UDOM, ni mmoja wa waliochambua mafunzo ya kazi ile. Ardhi ilipona kweli. Ila katika nyanda hizi, mtu mwenye karatasi anayeuliza idadi ya ng'ombe hajawahi tena kuwa mtu wa kawaida.

Miongo mitatu kabla ya hapo Waingereza walikuwa wamefika Kongwa na matrekta kulima karanga, mwaka 1947, kwa mahesabu yaliyofanywa mbali na mvua yenyewe. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Wagogo wa Kongwa wangewaambia mapema juu ya mvua na ugumu wa udongo ule wakati wa kiangazi, kama dodoso la wakati huo lingekuwa na swali hilo.

> Kijana anaandika ng'ombe watano. Nyuma ya boma kengele zinalia za ishirini na kitu.

Maarifa yalipohitajika kweli

Katikati ya mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa na maeneo jirani walianza kuugua: tumbo, kutapika, macho kuwa manjano. Waliohesabiwa kuugua katika mlipuko ule walikuwa 68, na 20 kati yao wakafa. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka au iliyohifadhiwa vibaya. Huioni kwa macho, na kupika hakuiondoi.

Hapo elimu ya juu ilipimwa. Kuitambua sumu kulihitaji maabara na watu waliosoma. Lakini kuizuia kunahitaji kitu kingine: turubai badala ya ardhi tupu wakati wa kuanika, kuchambua punje mbovu, ghala lisilovuja, na mtu wa kuyaeleza haya kwa mama anayepukuchua, kwa maneno anayoyatumia yeye, mwaka huu na mwakani tena. Ukisimama kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, lori kwa lori, unaelewa jinsi sentensi moja iliyosemwa vizuri kijijini inavyoweza kufika mbali kuliko tasnifu.

Nilimweleza hayo mhadhiri mmoja, akatabasamu. Aliniambia, bila kutaka jina lake liandikwe, kwamba kinachompandisha cheo ni makala kwenye jarida la kimataifa. Siku saba Chemba akifundisha kuanika mahindi hazina mahali pa kuandikwa zikahesabika sawasawa. Makala hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa ng'ombe watano yumo ndani yake kama asilimia.

Ndiyo maana utumishi wa vyuo vyetu hupenda sura ya siku moja: kupanda miti, kuchangia damu, kufagia soko, banda la maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Yote ni mema, na damu ile inaokoa watu. Ila siku moja inapigwa picha. Kurudi mara ya pili kijijini na matokeo hakupigwi picha, na kwa kadiri nilivyoulizia, hakumo kwenye masharti ya kumtunuku mtu. Mwanafunzi hatunukiwi bila nakala ya utafiti kufika maktaba. Anaweza kutunukiwa bila hata ukurasa mmoja kufika kwa mtendaji wa kijiji.

Hapa sina budi kujitaja. Miaka yangu ya chuo, ambacho nakiacha bila jina, nilifanya utafiti katika kijiji kimoja cha Chamwino, juu ya maji. Nililala siku kumi na moja kwa mwenyekiti. Walinipa mlenda na ugali wa uwele, na siku ya mwisho wakanichinjia jogoo. Nikawaahidi nakala. Mtendaji aliandika ahadi hiyo kwenye daftari lake la wageni, akaniwekea na muhuri.

Joho nililirudisha siku mbili kabla ya tarehe, nikiogopa faini.

Wiki iliyopita, baada ya Chimwaga, niliutafuta utafiti ule. Nimeupata chini ya sanduku, jalada la bluu, kurasa 61. Nimeutolea nakala na nauli ya Jumamosi nimeshaiweka kando. Kuna tatizo moja nililoligundua nikiwa kwenye mashine ya fotokopi: kwenye jalada, kwa herufi kubwa, jina la kijiji nimelikosea.